Kinachopotea Kimya Kimya: Hati za Ofisi na Matoleo Mapya ya Programu Huria



Jambo nililoombwa kulizungumzia wengi wenu mnakutana nalo mkiwa na haraka. Ofisi imepandisha toleo la LibreOffice, au imehama kutoka OpenOffice ya zamani kwenda LibreOffice mpya. Kesho yake asubuhi barua iliyokuwa ya ukurasa mmoja imekuwa ya kurasa mbili, saini ya mkurugenzi imebaki peke yake ukurasa wa pili, nembo imepanda juu ya anwani, na fomu ya likizo iliyokaa sawa miaka yote sasa imetawanyika. Anapigiwa simu afisa tehama, na neno la kwanza analoambiwa ni "turudishie ile ya zamani."

Niseme mapema ninachokiamini, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Haya yanayoonekana kwa macho ndiyo madogo. Barua iliyovimba utaiona kabla hujaituma, utaudhika, utaitengeneza, yataisha. Tunachopaswa kukiogopa ni kile kinachopotea bila kutoa dalili: hesabu iliyoacha kujikokotoa, safu za lahajedwali zilizokatwa, marekebisho ya mkataba yaliyofutika njiani. Ofisi nyingi hupigania mpangilio wa mistari na kuyapuuza haya mengine kabisa. Naomba tugeuze mizani hiyo.

Tuanze na kilichomo ndani ya faili, maana bila kukiona tutaendelea kulaumu tusichokijua. Chukua faili la .odt lisilo na siri, lifanyie nakala, badilisha mwisho wa jina la nakala hiyo uwe .zip, kisha lifungue. Utakuta mafaili kadhaa madogo. Lipo content.xml, lenye maneno yako. Lipo styles.xml, lenye mitindo: aina ya herufi, ukubwa wake, pambizo, nafasi kati ya aya. Lipo meta.xml, lenye jina la mwandishi, tarehe na jina la programu iliyohifadhi hati mara ya mwisho. Lipo settings.xml, ambalo nitalirudia. Picha zimewekwa kwenye folda yake. Fungua content.xml kwa programu yoyote ya maandishi matupu na utayasoma maneno yako ya Kiswahili, kila aya ikiwa imezungukwa na alama zinazoieleza.

Sasa utafute humo ukurasa wa tatu. Hutaupata. Hakuna palipoandikwa kwamba mstari huu ukatike baada ya neno hili, au kwamba jedwali lile liangukie chini ya karatasi. Kwenye meta.xml ipo idadi ya kurasa, lakini hiyo ni kumbukumbu tu ya hali ilivyokuwa ulipohifadhi. Ukurasa wenyewe hujengwa upya kila unapofungua hati, kwa herufi zilizomo kwenye kompyuta hiyo na kwa hesabu za programu hiyo. Ukimpelekea fundi cherehani mpya vipimo vilevile vya kanzu alivyovishonea fundi wa zamani, kanzu itakutosha, ila usitegemee upindo uangukie palepale.

Fomati ya .docx nayo imejengwa hivyohivyo. Ni kifurushi cha zip chenye XML ndani, na maneno yako yamo kwenye faili linaloitwa document.xml. Tofauti ni lugha ya maelezo iliyotumika. Lugha ya .odt ni OpenDocument, iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS Mei 2005 na kuwa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300 mwaka 2006. Lugha ya .docx ni Office Open XML, iliyopitishwa na shirika la viwango la Ecma Desemba 2006 na kuwa ISO/IEC 29500 mwaka 2008, baada ya ubishi mkali ambao nchi nne, zikiwemo Afrika Kusini na India, ziliukatia rufaa. Maelezo yake ya mwanzo yalizidi kurasa 6,000. Sehemu yake moja, ile inayoitwa ya mpito, ilibeba tabia za matoleo ya zamani ya Word ili hati za miaka ya nyuma zisipotee. Kwa hiyo LibreOffice inapofungua .docx inatafsiri kutoka lugha ambayo haikuibuni, pamoja na lahaja zake za kale. Kila toleo jipya huitafsiri vizuri zaidi kwa jumla, na mara chache vibaya zaidi mahali fulani. Mahali hapo panaweza kuwa ndipo ilipo fomu yako.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni herufi, yaani fonti. Tangu Microsoft Office 2007, hati nyingi za Word zimeandikwa kwa Calibri. Kompyuta ya Linux haina Calibri, kwa sababu ni mali ya Microsoft. Badala yake hutumika Carlito, iliyochorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri. Hali kadhalika Caladea husimama badala ya Cambria, na familia ya Liberation husimama badala ya Times New Roman na Arial. Zikiwepo hizi, mistari hukatika palepale. Zikikosekana, programu huchukua herufi yoyote iliyo karibu, na upana ukipungua au kuzidi hata kidogo, neno moja linaruka mstari, mstari unaruka aya, aya inaruka ukurasa. Mara nyingi kilichobadilika siku ya kupandisha toleo si programu. Mtaalamu aliondoa kila kitu na kusakinisha upya bila kurudisha fonti. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama fonti. Na tangu Microsoft walipotangaza mwaka 2023 kwamba Calibri inaipisha Aptos, kazi hii imeanza upya, kwani hati zinazoandikwa sasa kwa Word zinakuja na herufi ambayo kompyuta zetu nyingi hazijawahi kuiona.

Kisababishi kingine kimo ndani ya programu yenyewe. Februari 2017, LibreOffice 5.3 ilibadilisha namna ya kupanga herufi kwenye mstari. Kabla ya hapo kila mfumo, yaani Windows, Mac na Linux, ulikuwa na njia yake, na hati moja ingeweza kukatika mistari tofauti kwa watu watatu. Toleo hilo liliwaweka wote kwenye injini moja, HarfBuzz. Yalikuwa mabadiliko mema, na nayatetea mpaka leo. Lakini toleo hilohilo liliacha kuzitambua fonti za zamani za PostScript aina ya 1, na ofisi iliyokuwa na nembo au vichwa vya barua vilivyotegemea herufi hizo iliamka ikavikuta vimegeuka.

Wasanidi hawakuwa wazembe katika hili, na hapa ndipo narudi kwenye settings.xml. Ukilifungua utakuta orodha ndefu ya swichi, nyingi zikiwa za ndiyo au siyo. Mojawapo inaitwa UseFormerLineSpacing. Kazi yake ni kuiambia programu itumie nafasi ya mistari kama ilivyohesabiwa zamani, enzi za OpenOffice.org 1.1. Mara nyingi wasanidi walipobadilisha hesabu ya kupanga ukurasa, waliacha swichi ya namna hii, hati ya kale ifunguke kwa hesabu za kale na hati mpya kwa hesabu mpya. Kwenye mipangilio ya Writer, programu ya maandishi ya LibreOffice, sehemu ya upatanifu, mtaziona kadhaa mpaka leo. Hati ikifunguka vibaya baada ya toleo jipya, pita hapo kabla hujaanza kusukuma mistari kwa mkono.

Na kusukuma mistari kwa mkono ndiko nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona kazi nyingi ikipotelea huko. Katika hati nyingi za ofisi zetu, tarehe imepelekwa upande wa kulia kwa kubonyeza spesi mara arobaini. Mahali pa saini pametengenezwa kwa nukta zilizogongwa mpaka zikatosha kwa macho. Sura mpya imeanzia ukurasa mpya kwa Enter kumi na mbili. Jedwali la maudhui limeandikwa kwa mkono, namba za kurasa zikiwa zimekisiwa. Hati kama hiyo inakaa sawa kwenye kompyuta moja tu, ile iliyoandikiwa, na hata hapo ni mpaka fonti au printa ibadilike. Mwanafunzi huipeleka tasnifu yake kwenye flashi mpaka steshenari karibu na chuo, ikafunguliwa kwa programu nyingine, na sura zote zikateleza usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Atailaumu LibreOffice, au atailaumu steshenari. Lakini kama angeagiza "sura hii ianzie ukurasa mpya" ndani ya mtindo wa kichwa cha sura, na tarehe akaipangia kulia kwa amri ya kupangia kulia, agizo hilo lingesafiri ndani ya content.xml na styles.xml na kutekelezwa na toleo lolote. Makatibu muhtasi wafundishwe mitindo kabla ya kufundishwa toleo jipya. Mkurugenzi akinipa saa mbili tu za mafunzo, hizo ndizo nitakazozitumia, zote.

Kwa nchi zetu habari hii ina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mtu aliweza kuandika, kuhesabu na kuandaa maonyesho bila kusoma neno la Kiingereza kwenye skrini. Ilijengwa juu ya OpenOffice.org 1.1, iliyohifadhi maandishi kwa fomati ya .sxw. Oktoba 2005, haujatimia mwaka, OpenOffice.org 2.0 ikatoka na fomati mpya, .odt. Waliopandisha wakaanza kuwapelekea wenzao mafaili ambayo toleo lile la Jambo halikuyaelewa kabisa. Wasanidi walikuwa wameliona hilo. Mwezi mmoja nyuma walitoa 1.1.5, toleo la mstari wa zamani lililoongezewa uwezo wa kusoma fomati mpya, kusudi asiyetaka kuhama asiachwe nje ya mazungumzo. Ni ustaarabu wa kiufundi ninaouheshimu sana. Na faili la .sxw la 2004 bado linafunguka kwenye LibreOffice ya leo. Kama ofisi yenu ina CD za enzi hizo, msizitupe. Zifungueni, na hati zilizomo mzihifadhi upya kwa .odt.

Ndugu zangu wa StarOffice walipata shida zaidi. StarOffice ndiyo mama wa hizi zote, iliyoandikwa na kampuni ya Kijerumani ya Star Division, ambayo kampuni ya Sun iliinunua mwaka 1999 na mwaka uliofuata ikauweka msimbo wake huria. Hati zake za .sdw na .sdc zilikuwa za mfumo wa baiti usiosomeka kwa macho. LibreOffice 4.0 ya Februari 2013 iliondoa uwezo wa kuzifungua, kwa sababu msimbo huo ulikuwa umechakaa na hakuna aliyeutunza. Baadaye alitokea mtu aliyeandika maktaba mpya ya kuzisoma, libstaroffice, uwezo ukarudi. Programu ingekuwa imefungwa, hakuna wa nje ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo. Lakini kwa miaka kadhaa hapo katikati, aliyepandisha toleo bila kugeuza mafaili yake alibaki na mafaili yasiyofunguka.

Sasa nije kwenye upotevu wa kimya, ambao ndio kiini cha mhadhara huu.

OpenDocument ya 2005 ilieleza karibu kila kitu cha lahajedwali isipokuwa kimoja: fomula zenyewe ziandikwe vipi. Kila programu ilijiandikia kwa namna yake. Aprili 2009 Microsoft walitoa kifurushi cha pili cha marekebisho cha Office 2007, na kwa mara ya kwanza Excel ikaweza kufungua .ods bila kuongezewa kitu. Watu walifurahi. Kisha wakagundua kwamba lahajedwali iliyotengenezwa kwa OpenOffice, ikifunguliwa humo, fomula zake zote zinaondolewa na kubaki namba za mara ya mwisho. Tulia uitazame hali hiyo kwa karibu. Bajeti inafunguka. Jumla ipo, na ni sahihi. Hakuna rangi nyekundu, hakuna kisanduku kilicho tupu. Mhasibu anabadilisha kiasi cha mafuta ya gari kutoka laki tano kuwa laki nane, anahifadhi, anatuma. Jumla chini ya safu haijasogea hata shilingi moja, kwa sababu si jumla tena; ni namba iliyoandikwa. Tatizo hilo lilipata dawa kwenye kiwango chenyewe: OpenDocument 1.2 ya mwaka 2011 ilieleza fomula kwa ukamilifu, na Office 2013 ikaifuata. Lakini nawaomba mchukue tabia moja kutoka kwenye kisa hiki. Baada ya kuhama toleo au programu, usiikague lahajedwali kwa kutazama jumla. Badilisha namba moja juu, uone kama jumla chini inasogea.

Ipo pia mipaka ya ukubwa. Calc, programu ya lahajedwali ya LibreOffice, ilikuwa na safu 1,024 kwa kila karatasi, ya mwisho ikiitwa AMJ, mpaka LibreOffice 7.4 ya Agosti 2022 ilipofikisha 16,384, sawa na Excel. Mwenye toleo jipya akitengeneza jedwali linalovuka AMJ na kumtumia mwenye toleo la zamani, yule wa zamani ataonyeshwa onyo kwamba data haikupakiwa yote. Wangapi husoma maonyo? Akibonyeza sawa, akarekebisha jina moja, akahifadhi juu ya faili lilelile, safu zilizozidi zimekwenda.

Msidhani haya ni ya programu huria peke yake. Oktoba 2020, Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliothibitika kuwa na Uviko-19 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yanapakiwa kwenye mafaili ya Excel ya fomati ya zamani ya .xls, yenye ukomo wa mistari 65,536. Mistari ilipojaa, iliyobaki ikaachwa nje. Fomati hiyo ilikuwa imepata mrithi tangu 2007, miaka kumi na mitatu nyuma. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Mtu akiniambia kwamba suala la fomati ni la mafundi wa kompyuta tu, namkumbusha wiki hiyo.

Nenosiri nalo lina mtego wake. LibreOffice 3.5 ya mwaka 2012 ilianza kufunga hati kwa AES ya biti 256, njia imara kuliko Blowfish ya zamani. Miaka kumi na miwili baadaye, toleo la 24.8 likaleta njia nyingine mpya zaidi. Yote mawili ni maendeleo. Lakini mwenye toleo la nyuma sana akijaribu kufungua hati iliyofungwa kwa njia asiyokuwa nayo, anaweza kuambiwa kwamba nenosiri si sahihi, wakati nenosiri ni sahihi kabisa. Hapo ndipo wafanyakazi wawili huanza kushukiana. Kabla ya kumwambia mwenzako amekupa nenosiri la uongo, muulize anatumia toleo gani.

Kisha kuna jambo dogo linalofichika kuliko yote. LibreOffice kwa kawaida huhifadhi OpenDocument iliyopanuliwa, maana yake kiwango pamoja na nyongeza ambazo bado hazijaingia kwenye kiwango. Ndani ya content.xml nyongeza hizo hutanguliwa na loext. Toleo lisilozijua huziruka, hati inafunguka vizuri, na mtu huona kila kitu kiko salama. Akihifadhi, nyongeza hazirudishwi. Hati inayozunguka kati ya ofisi tatu zenye matoleo matatu inaweza kupoteza kitu katika kila mzunguko bila mtu yeyote kuonywa. Ndiyo maana sipendi kabisa mtindo wa kupandisha toleo kwa meneja na mhasibu kwanza, wengine wakingoja mwaka ujao wa fedha. Idara inayoshirikiana hati ipande kwa pamoja au isipande.

Kutokupanda nako kuna gharama. Mji wa Freiburg, Ujerumani, uliamua mwaka 2007 kuhamia OpenOffice. Novemba 2012 baraza lake likapiga kura ya kurudi Microsoft, hoja kubwa ikiwa malalamiko ya wafanyakazi kuhusu upatanifu wa hati. Waliotetea programu huria walionyesha kitu ambacho nakiona kizito: mji ulikuwa umekwama kwenye OpenOffice 3.2.1, huku Microsoft Office 2000 ikiendelea kutumika sambamba kwenye kompyuta zilezile. Yaani wafanyakazi walikuwa wanapokea .docx za 2012 kwa vyombo vilivyopitwa na wakati pande zote mbili, na kila hati ilivuka mpaka wa fomati mara kadhaa kwa siku. Naamini Freiburg haikushindwa na programu huria. Ilishindwa kuchagua njia moja na kuitunza. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hukohuko, lilitangaza Aprili 2024 kuhamisha kompyuta 30,000 za serikali kwenda LibreOffice, na limeifanya OpenDocument kuwa fomati yake ya kazi. Tofauti iliyonivutia ni hiyo ya mwisho. Limeamua kuhusu fomati, halikuamua kuhusu programu tu.

Uingereza nayo Julai 2014 iliamua kwamba hati za serikali za kushirikiana kuandika ziwe OpenDocument, na za kusomwa tu ziwe PDF au HTML. Naupenda mgawanyo huo kwa wepesi wake, na nadhani ofisi ya kata inaweza kuufuata sawa na wizara. Hati iliyosainiwa na kumalizika isibaki .odt wala .docx, igeuzwe PDF/A, fomati ya kuhifadhi kumbukumbu iliyowekewa kiwango tangu 2005, ambayo hubeba fonti zake ndani. Hiyo haitasogea mstari toleo lolote litakalokuja. Hati inayoendelea kuandikwa ndani ya ofisi ikae .odt tangu mwanzo hadi mwisho, isigeuzwe .docx leo na .odt kesho, kwa sababu kila kugeuza ni tafsiri na kila tafsiri huacha kitu. Anayetaka .docx nje ya ofisi atengenezewe nakala, na ya asili ibaki. Wale mlioko bado kwenye Apache OpenOffice, ambayo tangu 2014 imebaki kwenye mfululizo wa 4.1, mnajua kwamba hiyo hufungua .docx lakini haiwezi kuihifadhi. Kwenu kuhamia LibreOffice kutakuwa faraja, ila kufanyeni kwa mpango.

Mpango wenyewe hauhitaji fedha. LibreOffice hutoka mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Agosti, na tangu 2024 namba ya toleo ni mwaka na mwezi: 24.2, 24.8. Huwa kuna toleo jipya kabisa na toleo lililotangulia ambalo limekwisha kutulia. Ofisi ichukue lililotulia. Kompyuta moja ipewe toleo hilo wiki mbili kabla ya wengine. Kusanyeni hati zenu halisi, zile zinazouma: barua yenye nembo, fomu ya likizo, bajeti, mkataba wenye marekebisho yaliyofuatiliwa, cheti kinachochukua majina kutoka kwenye orodha, faili lenye makro. Ziwekeni kwenye folda moja. Kwenye kompyuta yenye toleo la zamani, andika amri hii ndani ya folda hiyo: soffice --headless --convert-to pdf *.odt. Hati zote za .odt zitageuka PDF bila programu kujionyesha kwenye skrini. Fanya hivyohivyo kwenye toleo jipya, nakala nyingine, folda nyingine. Linganisha idadi ya kurasa za kila jozi. Zilizolingana zipitie haraka. Zilizotofautiana zifungue moja moja. Kwa nusu siku afisa mmoja atakuwa amejua kinachoharibika kabla wafanyakazi sitini hawajakigundua kwa pamoja.

Makro zijaribiwe kwa mkono, kwa kuziendesha kweli. LibreOffice 4.0 ilihamisha Python yake ya ndani kutoka mfululizo wa 2 kwenda wa 3, na makro nyingi zilizoandikwa kwa Python ya zamani zilinyamaza. Na kama programu nzima inagoma au kujifunga baada ya kupandishwa, tatizo huenda liko kwenye wasifu wa mtumiaji, mipangilio ya zamani iliyorithiwa na toleo jipya. Tangu 5.3 kuna hali salama ya kuanzisha programu bila wasifu huo. Ijaribuni kabla ya kuondoa na kusakinisha upya.

Limebaki jambo moja ambalo watu wetu hulifanya mara chache mno. Ukipata hati iliyofunguka vizuri kwenye toleo la nyuma na vibaya kwenye jipya, una kitu cha thamani mkononi. The Document Foundation, taasisi inayoisimamia LibreOffice tangu ilipotangazwa Septemba 2010, ina mfumo wa wazi wa kupokea ripoti za hitilafu, na yeyote anaweza kujisajili. Ondoa majina, mishahara na kila kilicho siri. Punguza hati mpaka kibaki kipande kidogo kinachoonyesha kosa. Andika namba ya toleo lililokuwa zima na namba ya lililoharibu, ambatisha faili, ambatisha picha mbili za skrini. Kiingereza chepesi kinatosha, kwa sababu faili ndilo linalosema. Wanaoshughulikia ripoti hizo wana njia ya kurudi nyuma hatua kwa hatua katika msimbo mpaka wapate badiliko hasa lililoleta kosa. Kosa likirekebishwa, mara nyingi faili lile dogo huingizwa kwenye majaribio ya programu yenyewe, na msimbo mpya unaoongezwa baada ya hapo hujaribiwa dhidi yake kabla ya kukubaliwa.